Wateja wa Mikoko

Asubuhi hiyo Nelfa alikuwa akikaanga wali uliolala kwa kitunguu saumu. Mumewe, Rodel, aliingia jikoni akiwa na tope hadi magotini.

"Tuta la bwawa limebomoka tena," alisema. "Samaki wangu wa mwatiko wote wameondoka na maji."

"Wote?"

"Labda amebaki mmoja mvivu."

Bwawa lile la samaki Rodel alilirithi kwa baba yake, hapa kijijini kwetu Bungol, kisiwani Panay. Zamani palikuwa msitu wa mikoko. Wazee waliukata ili wafuge samaki. Tangu hapo kila kimbunga kilipita bila kizuizi. Kilibomoa matuta, kikaingia majumbani, kikaondoka na mabati.

Nelfa aliongoza chama cha akina mama cha kupanda mikoko. Walishapanda mara kadhaa kwa fedha za wafadhili. Wafadhili walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Walitaka miche ipandwe mbele kabisa, kwenye mchanga, na mawimbi yakaing'oa. Fedha ya kuwalipa walinzi wa miche nayo ikaisha.

"Mnapanda vijiti vya kuanikia nguo," Rodel alizoea kumtania.

Siku hiyo Nelfa hakucheka. Alivaa kandambili akaenda kwa jirani yake, Merlinda. Merlinda alikuwa ofisa mikopo wa benki mjini Iloilo. Sasa amestaafu, anafuga bata.

"Dada, nisaidie kuomba msaada mwingine."

"Sikusaidii," alijibu Merlinda, akiendelea kuwamwagia bata pumba. "Msaada ukiisha, mikoko inakufa. Unayajua hayo kuliko mimi. Tafuteni wateja."

"Wateja wa nini? Nani ananunua mikoko?"

"Keti kwanza. Niambie, bahari ikija juu, nani analia kuliko mumeo?"

Nelfa alifikiri. "Gaspar, mwenye kiwanda cha barafu. Kila mwaka anajenga upya ukuta wake."

"Huyo ndiye mteja wa kwanza. Mikoko ikimkinga, atanunua saruji kidogo. Sehemu ya anachookoa awalipe nyinyi. Nani mwingine?"

"Wenye mikahawa mjini. Wanalilia kaa, na kaa hukua penye mikoko."

"Umeona? Wa tatu yuko mbali. Mikoko hunyonya hewa ukaa, ile hewa inayozidisha joto duniani, ikaifungia kwenye tope. Kuna makampuni yanalipia kazi hiyo. Ila hulipa baada ya wataalamu kupima, na huchukua miaka. Pesa hiyo usiile kabla haijaja."

"Lakini Dada, wote hao watalipa mikoko ikishaota. Ya kuanzia itatoka wapi?"

Merlinda akacheka. "Sasa unaongea kama mtu wa benki! Ya kuanzia hutoa mwekezaji. Yeye anataka kujua pesa yake itarudi kwa njia gani. Mwonyeshe wateja wenye mikataba, utaona anavyofungua mkoba."

Kazi ngumu ilianzia nyumbani. Mtaalamu wa misitu alishawaambia akina mama kwamba mikoko hustawi pale ilipokatwa, yaani ndani ya mabwawa. Matuta yalipaswa kubomolewa ili maji yajae na kupwa yenyewe.

"Bwawa la baba nilibomoe kwa mkono wangu?" Rodel aling'aka.

"Bahari inalibomoa kila mwaka, bure," alisema Nelfa. "Sasa utalibomoa wewe, ulipwe."

Siku mbili Rodel alilizunguka bwawa lake. Kisha akaenda kuazima sururu.

Gaspar naye alikuwa mgumu. "Nilipie miti? Mimi nauza barafu!"

Nelfa hakubishana. Alimvusha mto, akamwonyesha nyumba chache zilizokuwa nyuma ya mikoko ya zamani aina ya mchu.

"Kimbunga kilichopita, hawa walipoteza nini?"

Gaspar alitazama, akakuna kichwa. "Hata banda la kuku limebaki," alisema. Wiki hiyohiyo akatia saini. Mikahawa ikafuata.

Ndipo mwekezaji, Bi Estela, alipokuja kutoka Manila. Tulimkaribisha kwenye ukumbi wa kijiji kwa sahani ya tambi. Rodel alisimama wa kwanza.

"Mama, kimbunga kikiua miche, mtachukua ardhi yetu?"

"Mkopo wowote unahitaji dhamana," alisema Estela.

Nelfa akainuka. "Ardhi haiwekwi rehani. Utalipwa kutoka kwenye mapato, kwa fungu tutakalokubaliana. Tutakata bima. Ukija mwaka wa hasara, utasubiri pamoja nasi. Kama hutaki, malizia tambi zako, urudi salama."

Watu wakaangua kicheko. Estela naye akacheka. Alisoma mikataba ya wateja polepole, akauliza maswali mengi, mwishowe akampa Nelfa mkono.

Tukabomoa matuta. Maji yakaingia, na mbegu za michu zikaja zikielea zenyewe. Akina mama walipanda kwenye mapengo tu. Walinzi walilipwa kila mwezi, na Rodel akawa mmoja wao. Kaa walianza kuonekana, kisha wakajaa mitego.

Mikoko ilikuwa imempita Rodel kimo pale kimbunga kikubwa kilipokuja. Tulijifungia shuleni usiku kucha. Kulipopambazuka, tulisikia pikipiki ikija kwa fujo. Alikuwa Gaspar, amelowa chapachapa.

"Ukuta umesimama!" alipiga kelele. "Umesimama wote! Nelfa yuko wapi nimkumbatie?"

"Mkumbatie mkeo!" Rodel akamjibu, na shule nzima ikacheka. Kisha tukatoka kuangalia nyumba zetu. Maji yalikuwa yamefika mlangoni tu. Mabati yote yalikuwa juu ya mapaa.

Mwaka uliofuata wataalamu walipima hewa ukaa, na malipo ya kwanza yakaingia. Estela alipata fungu lake. Lililobaki lilijenga zahanati yenye mkunga. Vijiji vya jirani vikaanza kuja kuuliza tulivyofanya.

Siku moja Estela akapiga simu.

"Nelfa, huko kwenu kuna mabwawa mengine yaliyotelekezwa? Nataka kuweka pesa."

"Yapo mengi, Mama," alisema Nelfa. "Lakini panga foleni. Kuna wawekezaji wawili wamekutangulia."