Mawe ya Sponji

Kila Jumamosi asubuhi, Bintu alifua sare yake ya shule, akaianika, kisha akaenda kwa tantine Séraphine, mdogo wa mama yake, aliyekaa karibu na kwao katika mtaa wa Nguba. Séraphine alikuwa mtengenezaji wa filamu. Hakuwa na kampuni wala ofisi. Alikuwa na kamera moja iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kompyuta iliyopata joto haraka, na kundi la watu waliompenda, kati yao seremala, muuguzi, waimbaji wawili wa kwaya. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kazi yake ya wiki, filamu ilipigwa Jumamosi tu.

Bintu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi yake ilikuwa sauti. Alivaa visikizio masikioni na kushika fimbo ndefu yenye maikrofoni kwenye ncha yake. Mikono yake ilikuwa na subira, Séraphine alisema, na masikio yake yalikamata hata nzi.

Jumamosi moja walipanda mtaa wa Kadutu, kwenye soko dogo la mteremkoni. Katika hadithi yao, kijana mmoja anasingiziwa wizi wa simu na watu wanampiga. Kijana huyo aliigizwa na Mardochée, yule seremala. Yeye mwenyewe ndiye aliyekata mawe kutoka kwenye godoro kuukuu la sponji na kuyapaka gundi na majivu. Kwa macho yalikuwa mawe kweli. Yakikupiga shavuni, ni kama umeguswa na mto wa kulalia. Damu ilikuwa nyanya ya kopo iliyokorogwa na sukari.

Séraphine alikuwa na sheria moja kuhusu matukio ya kupigana: kila mtu aliye karibu aambiwe kabla. Mkuu wa avenue, yaani wa mtaa ule, Papa Alphonse, alikwisha kuwapa karatasi ya ruhusa, lakini karatasi haitembei sokoni.

"Bintu," Séraphine alisema, "anza na wamama wa nyanya hapa chini. Halafu panda zile ngazi mpaka parkingi ya wamotari. Ambia kila mutu, mumoja mumoja. Usiwapigie kelele kutoka mbali."

Bintu aliwaendea wamama. Maman Valérie, muuza nyanya mnene mwenye sauti nzito, alicheka.

"Kwa hiyo leo mutapiga mutu bila kumupiga?"

"Ndiyo, maman. Mukisikia 'muizi', musiogope. Ni filme."

Kisha akafika chini ya ngazi. Zilikuwa ngazi za udongo, nyingi, na mvua ya alfajiri ilikuwa imezigeuza utelezi. Madereva wa pikipiki walikuwa juu kabisa, hawakuonekana hata vichwa. Nyuma yake, Mardochée alikuwa amekaa kwenye kreti akianza kupakwa damu, na Bintu alitamani sana kushika ile brashi. Alisimama kidogo. Akajiambia kwamba wako mbali, hawatasikia. Akarudi.

"Umeambia wote?" Séraphine aliuliza.

"Ndiyo, tantine."

"Na wa parkingi?"

"Nao pia. Wamesema hakuna shida."

Maneno hayo ya mwisho yalimtoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

"Moteur," alisema Élie, mshika kamera, akiiwasha. "Action," alisema Séraphine. Waigizaji kumi na wawili wakamzunguka Mardochée, mawe ya sponji yakaruka, naye akaanguka matopeni. Mara ya kwanza ilikuwa nzuri. Mara ya pili ilikuwa nzuri zaidi. Lakini Séraphine alitaka kelele za kutisha kuliko hizo, kwa hiyo mara ya tatu wote walipaza sauti kwa nguvu zao zote: "Muizi! Muizi!"

Neno hilo lilipanda mteremko.

Kwenye visikizio, Bintu alisikia miguu ikishuka ngazi kwa kishindo. Kabla hajageuka, wanaume sita walikuwa wamekwisha kumpita. Aliyetangulia alikuwa mrefu, amevaa gile, kizibao cha rangi ya chungwa cha madereva wa pikipiki, na mkononi alibeba jiwe. Halafu Bintu akasikia mlio mfupi, mzito, ambao hakuwa ameusikia asubuhi yote. Sponji haina mlio. Lile lilikuwa jiwe kwenye fupa la kichwa.

Mardochée alipiga ukelele ambao haukuandikwa popote. Fimbo ya mmoja wa wale wanaume ilishuka kwenye mkono wake, ikashuka tena, na mkono ukapinda mahali ambapo mkono haupindi. Teke likamkuta mbavuni, jingine mdomoni. Damu ya kweli ilimwagika juu ya ile ya nyanya, na hakuna mtu ambaye angeweza kuzitenganisha.

"Mimi ni Mardochée!" alilia. "Mimi ni seremala, munaniua bure!"

"Hata wezi wako na majina," alijibu mmoja wao, akampiga tena.

"Coupez! Coupez! Musimamishe!" Séraphine alijitupa katikati. Mtu alimsukuma, akaangukia kreti za nyanya na kuchanika kiwiko. Kwa wale wanaume alikuwa mwanamke anayemtetea mwizi, basi. Mwigizaji mmoja aliyejaribu kuwavuta alipigwa ngumi, akakaa chini. Wengine walikimbia. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Mulete essence." Mwanamume mmoja akageuka na kuanza kupanda ngazi kwenda kuchota petroli kwenye pikipiki.

Bintu aliitupa fimbo ya maikrofoni na kukimbilia meza za nyanya.

"Maman Valérie, hawa hawajui! Si filme tena, wanamuua kweli!"

Maman Valérie hakuuliza swali la pili. Aliita wenzake kwa majina, wakaja wanane, wakipenya kati ya fimbo kwa mabega. Walipomfikia Mardochée hawakupigana na mtu. Waliketi matopeni, mgongo kwa mgongo, wakimzunguka, na Maman Valérie akamlalia kwa mwili wake wote.

"Mutapiga mama zenu kwanza," alisema.

Fimbo zilibaki hewani. Yule mrefu mwenye gile alirudi nyuma hatua moja, na mguu wake ukakanyaga jiwe. Likabonyea. Aliliokota, akalifinya, akalitazama linavyorudi kujaa. Kisha akainua macho, akaiona kamera juu ya miguu yake mitatu. Akawaambia wenzake washushe fimbo.

Mardochée alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, kichwa kilishonwa, na sikio la kushoto liliacha kusikia.

Mchana huo huo Séraphine na Bintu waliitwa kwa Papa Alphonse. Polisi wawili walikuwapo. Yule mrefu aliitwa Philémon, baba wa watoto watatu, na yeye peke yake kati ya wale sita ndiye hakukimbia.

"Hakuna mutu alikuja kutuambia," alisema. "Tulisikia 'muizi', tukashuka."

"Nilimutuma mutoto wangu," alisema Séraphine, kiwiko kimefungwa kitambaa. "Nimemulea huyu. Hasemi uongo."

Papa Alphonse alimgeukia Bintu. "Mwanangu, uliwaambia?"

Watu wote walimtazama. Bintu aliyaona macho ya tantine yake, yamejaa imani. Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi walijua kwamba ni filme," alisema polisi, "na bado walimpiga. Hiyo ni kutaka kuua." Akamshika Philémon mkono. Philémon hakubisha. Alipopita mbele ya Bintu aliuliza tu, taratibu, "Mutoto, mimi uliniona lini?"

Jioni Bintu hakuweza kumeza hata tonge moja la fufu. Kesho yake, baada ya misa, mama yake alimtuma hospitali na uji wa Mardochée. Uso wa mgonjwa ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba.

"Bintu, nieleze kitu," alisema kwa shida. "Wanasema wale watu walikuwa wamekwisha kuambiwa. Kama walijua, basi hawakumupiga muizi. Walinipiga mimi. Tangu jana usiku nahesabu watu wa parkingi ile, najiuliza ni nani nilimukosea mpaka atake kunichoma. Nikitoka hapa nitapita wapi?"

Bintu alikuwa bado ameishika chupa ya uji. Aliiweka chini.

"Sikupanda," alinong'ona. "Ngazi zilikuwa na utelezi. Nilisema uongo."

"Sisikii. Njoo upande huu, sikio lile limekufa."

Ilimbidi azunguke kitanda na kuyasema tena, kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine watano. Machozi yalitoka kwenye jicho zima la Mardochée.

"Enda useme hivyo kule ulikodanganya," alisema mwishowe. "Mimi peke yangu sitoshi."

Bintu alikwenda kwanza kumwambia Séraphine, wakaondoka pamoja, na njiani Séraphine hakumgombeza. Alitembea mbele bila kumngoja, na hilo lilimuuma Bintu kuliko kofi. Kwa Papa Alphonse, Bintu alieleza yote akiwa amesimama, na Philémon alitolewa mahabusu aje asikie.

"Mutoto amesema kweli," alisema Papa Alphonse. "Lakini wewe, Philémon, usifikiri umesafishwa. Ulimpiga mtu hujamuuliza hata jina."

"Alitutajia jina, muzee," alijibu Philémon. "Ni sisi tulikataa kulisikia. Na kama angekuwa muizi kweli, bado ningekuwa nimemuua mutu."

Kesi yake haikufutwa, ila aliachiwa kwa muda akisubiri hukumu. Hata hivyo yeye mwenyewe aliomba, na Mardochée akakubali baada ya siku kadhaa, kwamba ampeleke hospitali kwa pikipiki kila siku ya kubadilisha bandeji.

Siku ya kipigo, kamera ilikuwa imeendelea kupiga picha muda wote. Élie alisema kwamba hajawahi kuona picha zenye nguvu namna ile, na kwamba tamasha lolote lingezipokea. Séraphine alimpelekea Mardochée kadi ya kamera mkononi. "Kilio hiki ni chako," alimwambia. Mardochée alisema zifutwe, zikafutwa.

Baada ya miezi miwili walirudi Kadutu kupiga tukio lile upya. Bintu aliomba kurudishiwa kazi yake, na Mardochée ndiye aliyeamua. Alisema atalala tena kwenye lile tope ikiwa Bintu atapanda ngazi kwanza. Alipanda. Aliongea na kila dereva, akamngojea kila mmoja ajibu, akashuka na suruali imejaa udongo mpaka magotini. Philémon alisimama juu ya ngazi, akizuia wapita njia na kuwaeleza.

Kazi ilipokwisha, Séraphine alimketisha Bintu kando yake.

"Sisi tunatengeneza uongo," alisema. "Damu ya uongo, mawe ya uongo, hata machozi. Lakini uongo wetu una sharti: kila mutu ajue. Ukimuacha mumoja hajui, si filme tena, ni mutego. Siku ile ulidanganya mara mbili. Mara ya kwanza ilivunja mukono wa Mardochée. Mara ya pili ilimufunga Philémon kwa kosa lisilo lake, ikamufanya Mardochée aogope mutaa wake mwenyewe. Usipofanya kazi niliyokutuma, rudi uniambie 'tantine, sikuifanya'. Nitakasirika, halafu tutaifanya. Hiyo hasira yangu ni ndogo sana, Bintu. Usiiogope tena."

"Ndiyo, tantine," alisema Bintu. Kisha akainuka kwenda kumsaidia Mardochée kufungua vifungo vya shati, kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado haujanyooka vizuri.