Aliyejifukia Kwenye Pamba

Kila alasiri Luhende akitoka shule alivua sare, akala michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga alizowekewa na mama yake, akachota maji, kisha akatimua mbio kwenda ghalani. Ghala lenyewe lilikuwa la ushirika. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameingia Bariadi na malori yao na mizani yao, wakulima wakawa wanamuuzia pamba wamtakaye, na ghala likabaki tupu, la popo na vumbi. Ndipo Kocha Athanasi, ambaye mchana alikuwa mpimaji wa pamba kwa mnunuzi mmoja, alipoliomba. Akazungusha kamba kwenye nguzo, akaning'iniza gunia la pumba, akawaita watoto waje wajifunze ngumi.

Luhende alikuwa wa kwanza kuitika, na kwa muda mrefu hakuna wa rika lake aliyemzidi. Kisha akaja Nyanda.

Nyanda alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, kutoka Lagangabilili. Aliletwa mjini asome darasa la sita. Akapewa nusu ya kitanda cha Luhende, nusu ya blanketi lake na, kwa jinsi Luhende alivyoona, zaidi ya nusu ya mama yake. "Mpishe mwenzako, yuko mbali na kwao," alisema mama yake, Mama Veronica, na karanga za Nyanda zikawa nyingi kuliko za Luhende. Hata neno *mayu*, yaani mama kwa Kisukuma, ambalo lilikuwa la Luhende peke yake, sasa waligawana.

Hayo yote angeyavumilia. Lakini Nyanda alimfuata ghalani "kuangalia tu", na muda si muda Kocha akawa anamsimamisha katikati ili wengine wamtazame.

"Mnaiona miguu hiyo? Kama anakanyaga makaa! Luhende, tazama ujifunze."

Ajifunze! Kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga vitambaa vya mikono! Jambo hilo likamkaa Luhende kooni kama mwiba wa samaki.

Ikatangazwa kwamba Jumamosi watakuja vijana wa Maswa kupimana nguvu. Khatibu, mwenye duka aliyewanunulia glavu, akaahidi kwamba kila atakayeshinda atampakia kwenye lori lake hadi Mwanza kwenye mashindano makubwa. Luhende hakuwa amewahi kufika Mwanza. Kocha akasoma majina. Kwa uzito wao aliitwa Nyanda. Luhende akawa wa akiba.

Alhamisi Kocha aliwapambanisha wawili hao kwa mazoezi. "Polepole, ni mazoezi tu," aliwaonya. Luhende alianza polepole. Kisha Nyanda akamkwepa, watoto wakacheka, na mkono wa Luhende ukatoka na hasira yote ya miezi ile. Konde likatua juu ya sikio. Nyanda akaanguka kama gunia, akalala kidogo, kisha akainuka akicheka.

"Nipo, nipo!"

"Umemwona bondia?" alisema Kocha. "Hatoi machozi."

Luhende alifurahi moyoni, na furaha yenyewe ikamtia haya.

Baada ya mazoezi wakapimwa kwa mizani ya pamba. Mtoto alikaa ndani ya turubai lililofungwa kwenye ndoano, akaning'inia. Nyanda alikuwa amezidi.

"Punguza," alisema Kocha. "Toa jasho, acha kunywakunywa maji. Jumamosi ukizidi, anapanda Luhende."

Usiku ule Luhende alilala na tabasamu.

Kesho yake Nyanda alivaa shati la shule ndani nje. Njiani alifunika macho kwa daftari, akilalamika kwamba jua linamchoma. Akauliza, "Leo tuna jaribio la hesabu?" Luhende akamjibu hakuna. Walipofika getini akauliza tena vilevile, kama hajawahi kuuliza.

"Masikio yako yana pamba?" Luhende alimfokea.

Alasiri Nyanda hakuonekana. Luhende alimtafuta hadi chumba cha nyumbani walichohifadhia pamba yao ikisubiri bei nzuri. Kwenye lundo jeupe lililofika karibu na dari aliona kichwa tu. Nyanda alikuwa amejifukia hadi shingoni, na juu ya sweta alikuwa amevaa mfuko wa plastiki wa mbolea uliotobolewa mikono. Macho yake yalikuwa mekundu, na midomo imepasuka.

"We Nyanda! Umekuwa panya?"

"Natoa jasho," alijibu kwa sauti iliyokwaruza. "Si watu wanaimwagia pamba maji ili iwe nzito? Mimi najikausha niwe mwepesi. Tangu jana sijaonja maji. Kichwa tu ndicho kinachogonga. Usimwambie mayu."

Luhende alimwangalia. Kulikuwa na mtungi pale mlangoni. Akachota kata, akanywa mbele ya Nyanda taratibu, kwa kelele, hadi tone la mwisho. Akafuta mdomo.

"Sisemi," akajibu, akaondoka. Moyoni alijiambia: akishindwa, shauri yake. Mimi sikumtuma.

Jumamosi ghala lilijaa. Wavulana wa Maswa walikuja wakiimba juu ya lori, kina mama wakakaa kwenye majamvi, Mama Veronica akiwa mbele kabisa. Nyanda akaning'inizwa kwenye mizani. Sindano ikasimama mahali pake.

"Amepita!" alipaza sauti Kocha, na watu wakapiga makofi.

Luhende alitoka nje asiyaone hayo. Baadaye kidogo akamkuta Nyanda nyuma ya ghala, ameinama, ameshika ukuta, anatapika bila kutoka kitu. Nyanda akageuka. Alichukua muda kumtambua.

"Luhende," alisema polepole, "kwani tumeshapigana?"

Hili halikuwa swali la mtu anayetania. Luhende akakimbia ndani.

"Kocha, Nyanda mgonjwa! Hajanywa maji tangu Alhamisi. Anasahau, anatapika. Ni tangu nilipompiga kichwani. Asipande!"

Kocha Athanasi alikuwa anafunga kamba. Hakuinua hata macho.

"Luhende, wivu huo utakuua. Mwenzako amepimwa, amepita."

"Anataka glavu huyo!" alidakia Salu, mvulana wa darasa la saba.

"Lilia ziwa la mama, Luhende!" mwingine akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko. Hata Mama Veronica alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mwanangu, na leo pia?"

Luhende akaelewa. Kila siku alikuwa amewaonyesha wivu wake, na sasa aliposema kweli, wivu ndio waliousikia. Nyanda alikuwa anaingia ulingoni, mguu mmoja ukikwama kwenye kamba. Mvulana wa Maswa alikuwa tayari anarukaruka, mabega kama ya mtu mzima.

Luhende alipenya chini ya kamba. Akaanza kufungua vitambaa vya mikono yake, vile alivyojifunga tangu asubuhi kwa tumaini la akiba. Akamrushia Salu.

"Mimi sipandi!" alisema. "Nyanda akitoka, mpeni Salu au yeyote. Mwanza siendi. Sitaki kitu. Lakini huyu msimpige tena kichwani!"

Mama Veronica alimtazama mwanawe, kisha akasimama, akainua kamba, akaingia ulingoni na kanga yake.

"Nyanda, mwanangu, asubuhi umekula nini?"

Nyanda alifikiri. "Mayu... leo siku gani?"

"Tembea uje hapa."

Alipiga hatua mbili, akayumba kama mlevi. Mama akamdaka. Kocha Athanasi alikuwa ameshamvua Nyanda glavu kabla hajaambiwa, na Khatibu akakimbilia lori lake.

Hospitalini Nyanda alitundikiwa dripu. Nesi Sikuzani, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimmulika macho, akamuuliza jina lake, kijiji chake, jina la mwalimu wake. Daktari naye akaja, akaagiza alazwe achunguzwe. Jioni Nesi akatoka barazani walipoketi Mama, Kocha na Luhende.

"Anaendelea vizuri. Sasa ametuambia mwenyewe leo ni Jumamosi. Lakini Mungu amewapenda."

"Mimi nilidhani akiamka na kucheka ni mzima," alisema Kocha, kichwa chini. "Na sisi wenyewe tulifundishwa hivyo, kukausha mwili."

"Sikiliza, Kocha. Ubongo ni laini kama maziwa mgando kwenye kibuyu. Konde likipiga kichwa, fuvu linaweza kubaki zima, lakini kilichomo kimesukwasukwa. Ndiyo maana anasahau, anatapika, mwanga unamuumiza. Ubongo huo unataka mapumziko upone. Akipigwa tena kabla haujapona, anaweza hata kufa. Na wewe ukamnyima maji! Damu inapungua, kichwa kinazunguka, ubongo unafanya kazi kwa shida, na maji yanayoukinga ndani ya fuvu yanapungua. Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Alichopunguza si unene. Alipunguza uhai."

Kocha akasema, "Kuanzia sasa mtungi wa maji utakaa ulingoni. Anayepigwa kichwa anatoka, anakuja hapa kwenu kwanza. Na mtoto akizidi uzito, atacheza na mwenye uzito huo."

Nyanda alirudi nyumbani baada ya siku chache, na amri ya daktari: asipigane mpaka atakaporuhusiwa. Siku lori la Khatibu lilipoondoka kwenda Mwanza, aliyekuwa juu ni Salu, ambaye Jumamosi ile alipanda ulingoni badala yao, akashinda. Luhende alisimama kando ya barabara hadi vumbi lilipotulia. Kooni mwiba ulikuwa bado upo. Akarudi nyumbani, akaketi karibu na mama yake aliyekuwa anachambua pamba.

"Mayu, bado naona wivu. Kwa Salu sasa. Na Ijumaa ile nilimwona Nyanda ana kiu, nikanywa maji mbele yake."

Mama aliacha pamba. Akamvuta kichwa chake kifuani.

"Hilo utamwambia Nyanda mwenyewe, leo hii. Na mimi nina langu: nilikuambia umpishe kila siku, nikasahau kukuuliza wewe unaumia wapi. Lakini sikiliza, mwanangu. Wivu utakujia tena, hata mimi hunijia. Kuuhisi si kosa. Kosa ni kuukalia kimya wakati mwenzako anaangamia. Siku ile ulikuwa umejaa wivu, na bado ukasema kweli iliyokunyima ulichokitaka. Kwa kweli hiyo Nyanda yuko hai. Haya, nenda ukazungumze naye."

Luhende akainuka. Mlangoni akajaza kata ya maji hadi juu, akaishika kwa mikono miwili isimwagike, akaingia chumbani alikolala ndugu yake.