Mrija wa Felisiani

Huku Murungu watu hulima mihogo mlimani na maharage bondeni. Bazilio na shemeji yake Felisiani walilima bonde moja, kila mtu upande wake. Kisha wakagombania mpaka. Misimu mitatu waling'oleana maharage. Mbuzi wa Bazilio alivunjwa mguu, na sijui mbuzi huyo alikuwa anadai ekari ngapi. Mwisho Felisiani alipigwa rungu, akashonwa nyuzi saba kichwani.

Wazee wa baraza wakapima, wakaamua. Bazilio akashinda.

Siku iliyofuata Bazilio aliwaita ndugu watatu waliomsaidia kupigana. Mke wake, Maximilla, dada yake Felisiani, akatoa mtungi wa pombe ya ndizi. Huku kwetu watu wakipatana hunywa mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Mirija ilikuwa minne. Felisiani hakuitwa.

Washindi wakanywa, wakapanga amani. Felisiani atoe mbuzi watano. Akiri kuwa ni mwizi. Na njia yake ya kwenda kisimani ifungwe.

Maximilla akasema, "Watoto wa kaka yangu watakunywa matope?"

Wanaume wakarudi kwenye mirija yao. Nje ya uzio wa minyaa, Felisiani na ndugu zake walisimama na mapanga. Siku hiyo hawakuwa wanakwenda shamba.

Wakamwita Reverien, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aandike mkataba. Mwalimu akauliza Felisiani yuko wapi.

"Ataitwa kutia dole gumba," Bazilio akasema. "Aliyeshindwa ana maneno gani?"

Mwalimu akafunika kalamu. Akawaeleza habari za vita vikuu vya Mjerumani, vilivyofika mpaka huku Buha, kwetu Waha. Mjerumani aliposhindwa, washindi walikaa Ulaya miezi mingi wakipanga amani. Yeye hakukaa nao. Aliitwa mwishoni tu, akaambiwa atie sahihi: kosa ni lako, na utalipa. Makoloni yake wakagawana. Mbelgiji akapata Burundi, Mwingereza akapata upande wetu. Waha hawakuulizwa. Warundi hawakuulizwa.

"Basi, si vita viliisha?" Bazilio akasema.

"Viliisha miaka ishirini. Kisha vikaja vikubwa zaidi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini uchungu wa karatasi ile ulikuwa mmojawapo. Na Mjerumani alikuwa mbali, Bazilio. Shemeji yako yuko hatua thelathini."

Panga likagonga jiwe nje. Ndugu mmoja akaacha kunywa.

Maximilla alichomeka mrija wa tano mtungini. Kisha akatoka peke yake, akayaendea mapanga.

Alirudi na kaka yake, kichwa kimefungwa bandeji. Felisiani hakuketi. Alisema mpaka ameukubali, baraza limeamua. Lakini neno mwizi hatalitilia sahihi, hata wamshone nyuzi nyingine saba. Na njia ya maji ibaki.

Bazilio alimgeukia mwalimu.

"Mwalimu, neno hilo usiliandike," akasema. "Njia ibaki. Mbuzi atoe mmoja, badala ya yule aliyemvunja mguu."

Felisiani akaketi. Akauvuta mrija wake kama mtu mwenye kiu ya misimu mitatu.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, Bazilio akiwa sokoni Kibondo, ng'ombe waliingia kwenye maharage yake. Felisiani ndiye aliyewafukuza. Alimsema vibaya shemeji yake toka mwanzo wa shamba hadi mwisho, majirani wote tukasikia. Ng'ombe walitoka wote.