Folda ya Baadaye

"Zikishaingia humo, nani atazisoma?"

Fundi aliuliza huku anacheka, kikombe cha chai mkononi, asubuhi ya kawaida kabisa. Hawakumwita Fundi bure: katika ofisi nzima ya ile kampuni ya kupangisha nyumba, binti huyu pekee ndiye aliyeweza kulitia adabu sanduku la barua pepe la pamoja. Bosi alitaka kanuni moja tu. Kila barua ya yule bibi mpangaji wa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo ihamie yenyewe kwenye folda ya Baadaye, ijiwekee alama kwamba imesomwa, na bibi ajibiwe hapohapo: Tumepokea. Tunalishughulikia.

Bibi alikuwa na wimbo mmoja: mlango wa lifti unafunguka na lifti haipo. Wenzake wakamtania Fundi kwamba amemfunga bibi mdomo bila hirizi. Akacheka nao. Alikuwa anausubiri mkataba wa kudumu, na mama yake hakuwa na mtu mwingine.

Bibi akatumbukia katika shimo lilelile la lifti alilokuwa akililalamikia. Akazikwa.

Roho ikamsuta Fundi, akaifungua folda. Barua za bibi zilikuwa bado zinaingia.

Nipo chini. Bado nasubiri.

Akamwita Bosi. Bosi akaona folda tupu, akamshauri apumzike. Fundi akaifuta kanuni. Ikarudi. Akaifuta tena. Ikarudi, ila anwani ya bibi haikuwemo. Ilikuwemo ya Fundi mwenyewe.

Akamwandikia Bosi, aliyekaa meza ya pili tu. Jibu likaja kabla hajainua kidole: Tumepokea. Tunalishughulikia. Bosi alikuwa anamenya chungwa. Fundi akasimama, akaita. Hakuna aliyegeuka. Akampigia mama yake.

"Mama, ni mimi. Niitie mtu."

Sauti ileile iliyombembeleza utotoni ikanong'ona, "Tumepokea, mwanangu. Tunalishughulikia."

Akakimbilia lifti. Mlango ulikuwa wazi.

Waliomtafuta shimoni hawakukuta kitu, hata kiatu. Bosi akasema binti kaacha kazi, na watu wazima na shahada zao wakaitikia. Mama yake anaapa simu haikulia siku ile. Lakini aliyerithi kiti chake anasema folda inazidi kujaa, barua zote zimetoka kwa Fundi, zote zina alama kwamba zimesomwa. Hajafungua hata moja. Anaogopa kupoteza kazi.

Wewe unayenisikiliza, kesho ukifika ofisini, fungua ile folda msiyoifungua. Soma moja. Halafu jibu kwa mkono wako mwenyewe.