Kiko Kisichotoa Moshi

Nilishuka sokoni Kianjokoma saa kumi na mbili jioni, mara ya tatu wiki hiyo, na kiko cha mume wangu kikiwa kimefungwa kwa leso ndani ya kikapu. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini na saba, ile mvua iliyokataa kwisha. Magoti yalikuwa yananiuma. Nilikuwa nimechoka, na si kwa sababu ya njia tu. Tulikuwa tumemzika mwana wetu, Muchangi, siku kumi na tisa zilizopita.

Alikufa kwa kifua. Wiki saba alilala jikoni karibu na mafiga, kwa sababu kila mahali pengine alisikia baridi.

Tangu mazishi, baba yake, Ndwiga, alikuwa hali chakula. Uji aliurudisha. Githeri ya mahindi na maharagwe hakuigusa. Alichotaka ni kiko chake tu, na kiko kilikuwa na shida. Alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani, lakini moshi haukutoka. Haukutoka kwenye kiko, wala mdomoni, wala puani. Na kila alipovuta, alizidi kukonda. Kola ya shati ilikuwa imeanza kumzunguka shingo kama si yake.

Nilimwomba Mungu asinizikishe mume kabla udongo wa kaburi la mtoto haujakauka.

Kathuri, anayeuza tumbaku na kutengeneza viko, alikuwa anafunga kibanda.

"Mama wa kanisa na kiko tena!" akacheka. "Mchungaji akikuona atasema mwisho wa dunia umefika."

"Mzee Kathuri, leo sina nguvu za mchezo. Bado hakivuti."

"Mrija si niliuzibua kwa spoki ya baiskeli?"

"Uliuzibua."

"Na tumbaku nikakupa iliyokauka?"

"Ulinipa."

"Sasa kinafanyaje? Kimeziba, ama kinakoroma?"

"Kinakoroma. Kama kifua chenye maji."

Nilisikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu mwenyewe.

Kathuri aliniwekea viko viwili vipya mezani. "Hiki cha udongo kinashika joto haraka, kitamchoma ulimi. Hiki cha mti wa mutamaiyu hakiungui, lakini mrija wake ni mwembamba, na mzee wako hana pumzi. Ngoja. Kabla hujachagua, nipe hicho kigonjwa."

Akakishindilia tumbaku. Akapiga kiberiti. Akavuta.

Moshi mweupe ukatoka, mwingi, ukaizunguka taa ya mafuta. Akavuta tena. Kiko hakikukoroma hata kidogo.

"Hiki hakiumwi, mama. Anakiwashia nini?"

"Kaa la jikoni."

"Moto wa lini?"

Nikaikunja ile leso, nikairudisha kikapuni.

Kathuri akakitoa kiko mdomoni polepole. Akaipangusa midomo yake kwa mkono wa koti.

"Mama Muchangi," akanong'ona. "Ni moto wa matanga?"

"Ni moto tu."

Lakini nilijua anachouliza. Kwetu Embu wazee walikuwa hawaachi moto wa nyumba iliyofiwa uishi. Kesho yake baada ya maziko waliuzima, wakayatoa majivu nje, wakaenda kuomba moto mpya kwa jirani. Siku ya mazishi wifi yangu Gatwiri alinikumbusha, nikamjibu mbele ya watu kwamba Yesu ameshinda mauti na majivu ni majivu. Wanawake wa kanisa walisema amina. Kila usiku nilifunika makaa kwa majivu, na kila asubuhi niliyapuliza. Nilisema ni kwa sababu viberiti vimeshika unyevu. Mungu ananijua. Moto ule ulikuwa umempasha joto mwanangu mpaka pumzi ya mwisho. Mkono wangu haukuweza kuumwagia maji.

"Kuna mwingine anayevuta upande ule," Kathuri akasema. "Na huyo hashibi. Nenda ukazime kabla mzee hajatia mdomo tena."

"Kiko ninacho mimi hapa. Atavutia nini?"

Alinipa kiberiti alichokifunga kwa karatasi ya nailoni, akazima taa yake, akaondoka haraka kabla yangu.

Nilipanda mlima nikisema Baba Yetu. Nilifika kwenye "utuokoe" nikasahau linalofuata. Nikaanza upya. Nikasahau tena palepale.

Nyumbani kulikuwa kimya. Hata mbuzi hawakulia.

Kisha nikasikia...

Krrr. Krrr.

Polepole. Inakuja, inakata. Inakuja, inakata. Sauti hiyo niliisikiliza kwa wiki saba. Siwezi kuikosea.

Mlangoni harufu ilinipokea. Haikuwa ya tumbaku. Ilikuwa ya ile dawa ya kifua ya kupaka, niliyoizika pamoja na blanketi la Muchangi.

Ndwiga alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinama juu ya mafiga. Alikuwa amekata mwanzi mrefu. Ncha moja ilikuwa mdomoni mwake, nyingine ndani ya makaa.

Alivuta. Kisha akapumzika ili apate pumzi.

Kaa huwa jekundu mtu anapovuta. Haya yalikuwa yanawaka alipopumzika.

"Baba Muchangi," nikaita kwa sauti ndogo. "Toa mdomo hapo."

Macho yake yaliinuka. Mdomo haukutoka. Mashavu yalikuwa yameingia ndani mpaka nikaona umbo la meno, na nikaona si yeye aliyekuwa akivuta.

Nikachukua ile ndoo ya maji ya kunywa. Nikamwaga.

Moto ulipiga kelele, mvuke ukajaa. Ndwiga akaanguka nyuma na mwanzi wake. Upande mmoja ulikuwa umezimika. Upande wa pili, makaa matatu yalibaki. Na kutoka hapo, chini kabisa, kwa sauti ya mtu asiye na pumzi...

"Mama... baridi."

Nilisimama na nusu ndoo.

Mchungaji aliniambia baadaye kwamba Shetani anaweza kuazima sauti yoyote. Nataka kumwamini. Ninamwomba Mungu kila siku anisaidie kumwamini. Lakini mchungaji hakuwepo jikoni, na sauti ile haikunitisha. Ilinifanya nitake kuvua leso yangu nimfunike.

Nilimtazama mume wangu pale chini, miguu yake myembamba kama kuni.

Nikamwaga iliyobaki.

Niliyatoa majivu nje kwenye mvua kwa mikono yangu. Nikawasha moto mwingine kwa kiberiti cha Kathuri. Nilipika uji, na Ndwiga akaunywa, kikombe kizima, bila kuurudisha.

"Nilikuwa namsikia kila nikivuta," akasema bila kunitazama. "Ndiyo maana sikuacha. Ulipomwaga maji, kelele zilinizuia kusikia. Alisema kitu?"

"Hakusema kitu."

Akakizungusha kikombe mikononi.

"Asante Mungu," akasema. "Basi hakuumia."

Nikamwongezea uji.