Harufu Jikoni kwa Mama Ayikoru

Ajenti Draku hajawahi kukimbia. Kuanzia Arua Hill mpaka Kuluva, hakuna hatari iliyowahi kuona mgongo wake.

Saa tatu asubuhi, simu yake ya Tecno ikalia.

"Draku! Jikoni iko na harufu ya gesi tena."

"Kiwango, Mama?"

"Kiwango gani? Wageni ya posa ya dada yako wametoka Koboko saa hii. Nyumba ikilipuka nitawaweka wapi? Kuja!"

Mara ya tatu wiki hii. Mara ya tatu! Adui alikuwa anamchezea.

Mshukiwa: Lukudu, muuza mipira ya gesi pale Koboko. Mzigo wake hupita mpakani Oraba kimyakimya.

Draku akapiga.

"Lukudu, mpira wako ni feki."

"Mpira yangu iko sawa. Ulifunga namna gani?"

"Maswali nauliza mimi."

"Basi jiulize."

Simu ikakatwa.

Pikipiki yake, Boxer, ikanguruma. Dakika nne, Draku yuko mlangoni. Harufu ikamkaba koo. Hatua mbili kutoka kwenye mtungi, nje ya dirisha, sigiri ya mkaa ilikuwa nyekundu chini ya sufuria ya mbuzi.

Mtungi ukapumua.

Sssss.

Ajenti akakimbia.

Kimkakati! Alizunguka kupitia mihogo ili kumshtukiza adui kwa nyuma. Punde sigiri ikazimwa. Valvu ikafungwa. Madirisha, wazi. Povu la sabuni ya Omo likapakwa kwenye mpira, na viputo vikachemka pale pale unapoungana na mtungi. Njama imevunjwa. Draku akavaa miwani yake myeusi, akaondoka taratibu bila kugeuka...

"Ngoja kwanza."

Prossy, mpangaji wa Mama, alikuwa anasoma karatasi hii juu ya bega langu.

"Nani alizima sigiri na maji ya kunawa ya wageni? Mimi. Nani alifunga valvu? Mimi. Wewe ulikuwa kwa mihogo na kiatu moja."

"Huyo ni Draku. Mimi naandika tu."

Akatoa mfukoni kipande cheusi cha raba, kimekatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

"Na hii? Lukudu alikupa klipu mbili ya chuma ya kukaza mpira. Wewe ukafunga gesi ya mama yako na raba, kama kuku ya sokoni. Klipu ukaweka kwa mpira ya petroli ya pikipiki. Nilikuona, ndugu yangu."

Nikaitazama Boxer. Klipu zote mbili ziling'aa.

Mama akaita kutoka jikoni:

"Draku! Kuja na spana!"