Sauti ya Pili Kwenye Rekodi

Nilijiaibisha mbele ya kamati nzima ya idara. Tulikuwa tunasikiliza rekodi za utafiti wa mwanafunzi wangu, binti tuliyempa jina la Uzi kwa wembamba wa sauti yake, nami, mtu wa safari nyingi na busara chache, nikajitia ujuzi.

"Hongera. Ila huyo mwenzako anayekujibu amekupita mbali."

Wenzangu wakanitazama kama mtu aliyesahau kufunga zipu. Utafiti wa mwaka wa mwisho hufanywa na mtu mmoja, na fomu ya kusema hivyo niliisaini mimi.

"Niko peke yangu humo, mwalimu," Uzi akasema.

Kazi yake ilikuwa hii: achukue maneno ya mke mwenye wivu katika mchezo aliouandika mwenyewe, ayaseme mara arobaini jukwaani, ukumbi ukiwa mtupu, kisha achunguze pumzi inavyobadilika. Mpaka rekodi ya kumi na mbili, sauti ni moja. Kuanzia ya kumi na tatu, kila akimaliza sentensi, mwingine anairudia, taratibu, kwa utamu wa kumtia haya mtu mzima.

Nilidhani ataogopa. Akanuna.

"Amenipita mbali, eti?"

Kila mchana akarudi ukumbini kushindana naye. Kufikia rekodi ya thelathini, yeye ni kukohoa tu, na yule anaimaliza sentensi. Nami, aibu iliyoje, nilizisubiri rekodi mpya kama mchumba anavyosubiri ujumbe, nikiziruka sehemu za Uzi ili nimfikie yule.

Baada ya ile ya thelathini na tisa nikaenda kumwona. Ilikuwa saa nane mchana, madirisha wazi, lakini ukumbi ulinuka nywele zilizoungua. Uzi alikaa jukwaani, mdomo umefungwa, na sauti ile ikatoka, sijui kooni mwake au chini ya mbao, ikiniita kwa jina la utotoni ambalo marehemu mama yangu peke yake ndiye aliyelijua, ikiniuliza nani bora, yenyewe au Uzi, nani bora, na kila niliporudi nyuma kuelekea mlangoni nayo ikasogea, mpaka nikaisikia sikioni, na pumzi yake ya moto shingoni, na kule jukwaani Uzi analia machozi tele bila hata kwikwi.

Nilikimbia. Ndiyo, nilimwacha. Nilirudi na mshonaji wetu wa mavazi ya jukwaani, Bi Sindano, ambaye idara nzima humfuata kwa mambo yasiyoandikwa kwenye ratiba.

"Mmeuita wivu mara thelathini na tisa kwenye ukumbi mtupu," alinong'ona. "Mlidhani nani angeitika, mkuu wa idara?"

"Jini huyu anataka nini?"

"Sifa. Na wewe ukampa." Akamgeukia Uzi. "Mwanangu, anaishi kwenye hizo rekodi. Zifute zote, ataondoka. Ukibakiza hata moja, ya arobaini itakuwa yake peke yake, na wewe hutasema tena."

"Lakini kazi inakusanywa Ijumaa!" nikasema. "Bila rekodi hana utafiti, hana shahada. Tubakize moja tu, Bi Sindano. Moja."

Papo hapo nikajua kwamba sikuwa namtetea Uzi. Uzi naye akajua, alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Akaanza kufuta. Kwa kila rekodi kitu kikapiga ukuta, na harufu ikazidi, na mbao za jukwaa zikatetemeka chini ya miguu yetu, na sauti ikawa inanibembeleza, kisha inanitukana, kisha inanililia, "Mwambie mimi ndiye bora, mwambie, si ulisema mwenyewe, si ulisema," mpaka ya mwisho ilipofutika, tukasikia gari likipita barabarani.

Nikatoa fomu ya tathmini.

"Sasa niandike nini hapa, mwanangu?"

Akakohoa. Sauti ikatoka nyembamba, yenye mikwaruzo.

"Andika nimefeli, mwalimu. Na pale pa msimamizi, futa jina lako."